Matanga ya Ghala

Paukwa!

(Pakawa!)

Palikuwa na nini?

(Palikuwa na njaa!)

Aliyeshiba nani?

(Aliyeshika funguo!)

Haya, mmejibu vizuri. Mngejibu vibaya ningekwenda zangu kulala. Sogeeni. Ngano ya leo si ya kuchekesha sana. Atakayecheka acheke, lakini asinipigie makofi.

Hapo kale, katika nyika ya wanyama, kulikuwa na ghala moja kubwa. Tembo alipovuna, alipeleka mtama wake ghalani. Ngiri alipovuna, alipeleka ghalani. Hata Kobe, ambaye mavuno yake yalifika yamechelewa, alipeleka ghalani. Na Mkuu wa Ghala alikuwa Fisi. Msiniulize nani alimchagua Fisi kulinda chakula. Hata nyinyi mmewahi kuchagua.

Pembezoni mwa nyika hiyo aliishi Bi Kuchakulo, yule mnyama mdogo mwenye mistari ubavuni na mkia wa manyoya, achimbaye shimo lake chini ya vichaka. Alikuwa mjane. Mumewe alinyakuliwa na mwewe siku alipokuwa akiokota mbegu, akaacha watoto watatu na kibuyu kimoja cha mbegu za mtama. Kibuyu hicho Bi Kuchakulo hakukigusa. Watoto walilia njaa, hakukigusa. Yeye mwenyewe alijifunga kamba tumboni akalala, hakukigusa. Kilikuwa cha kupanda mvua ya kwanza ikinyesha. Bila kibuyu hicho, kiangazi kingemaliza watoto wote watatu, na yeye alilijua hilo.

Sasa njooni kwa Fisi. Fisi alichukua mtama wa watu akawakopesha korongo, ndege wahamao, wasio na kijiji wala makaburi. "Watarudisha mara mbili!" akasema. Korongo wakala, wakashukuru, wakaruka, puruuu! Hadi leo hawajarudi. Siku moja Tembo akaenda kuchukua mtama wake. Akabisha, ngo! ngo! ngo! Mlango ukafunguliwa, akakuta panya mmoja tu, naye amekonda.

Fisi akakimbilia barazani, machozi yanamtiririka.

"Ndugu zangu! Ghala likianguka, tunaanguka sote! Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao!"

"Na ulipokuwa unachuma tamu, wa kwenu walikuwa nani?" Bi Kuchakulo akauliza.

Lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na Nyati, mwenyekiti wa baraza, alikuwa akipiga kwato chini, pu! pu! pu! Baraza likaamua kwamba kila nyumba itoe mbegu zake ili Ghala liokolewe. Askari wakapita mlango kwa mlango. Nungunungu, jirani yake Bi Kuchakulo, naye mwenye mke na watoto, akatoa kibuyu chake. Bi Kuchakulo naye akatoa chake, kisha akaingia shimoni akalia kwa hasira.

"Usilie, jirani," Nungunungu akamwambia. "Watarudisha kabla ya mvua. Si wamesema wenyewe?"

Alikuwa mtu mwema, Nungunungu. Wema wake ndio uliomponza.

Hazikupita siku saba. Fisi akaingia ghalani, akachota zile zile mbegu za watu, vikapu arobaini, akavipeleka pangoni kwake. Akaulizwa, ni vya nini?

"Kifuta jasho," akajibu. "Mnadhani kuokolewa ni kazi nyepesi?"

Mpo?

(Tupo!)

Wewe uliyejilaza hapo, upo?

(Nipo!)

Basi nyika ikachafuka, na baraza likaketi kujadili kodi. Ngiri akasema Fisi akatwe vikapu tisa katika kila kumi. Nyumbu akasema hapana, Fisi aliahidiwa kifuta jasho siku alipoajiriwa, na ahadi ni deni. Ngiri akasema, "Hizo ni mbegu zetu!" Nyumbu akasema, "Sheria haitazami nyuma." Mwisho Fisi mwenyewe akasimama, anajilamba midomo.

"Nikateni," akasema. "Nikateni tu. Lakini mkinikata naondoka, na bingwa wa maghala kama mimi mtampata wapi?"

Wakaogopa. Mnasikia, jamani? Waliogopa kumpoteza aliyewapoteza.

Siku ya kwanza wakajadili, Bi Kuchakulo akatazama mawingu. Siku ya pili wakajadili kama kikapu kinachokatwa ni kile cha kujaa au cha kusawazisha, Bi Kuchakulo akatazama mawingu. Siku ya tatu wakaunda kamati, na mawingu yalikuwa meusi. Kamati ikaahidi kutoa taarifa baada ya mavuno. Mavuno ya mbegu zipi, haikusema.

Jioni hiyo Bi Kuchakulo akaenda pangoni kwa Fisi.

"Hodi, Mzee Fisi."

"Nani?"

"Mimi Kuchakulo. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema upesi, nakula."

"Nimekuja kuomba kibuyu changu. Mvua imekaribia, mzee wangu, na nina watoto watatu."

"Kibuyu hicho ulinipa mimi?"

"Walichukua askari, wakasema ni cha Ghala."

"Basi mdai Ghala! Mimi ni mimi, na Ghala ni Ghala. Yeye ana madeni yake, mimi nina jasho langu." Kisha akaendelea kutafuna, kwaru! kwaru! kwaru!

Zilikuwa mbegu. Bi Kuchakulo alisimama mlangoni akiisikiliza ile kwaru kwaru, na moyo wake ukawa mzito. Aliaga kwa adabu, akarudi zake, na njia nzima aliwaza jambo moja. Kama Ghala anaweza kudaiwa, basi Ghala anaweza kufa.

Kulipopambazuka nyika nzima ilizinduliwa na kilio.

"Uwiii! Uwiii! Ghala amekufa! Jamani, Ghala katutoka!"

Na nyika ile ilikuwa na mila isiyovunjwa: kilio hakiulizwi. Ukisikia kilio unakwenda, maswali baadaye. Wanyama wakaja mbio, parakacha! parakacha! Wakamkuta Bi Kuchakulo kajifunga kanga kiunoni, kajitupa chini mlangoni pa Ghala.

"Kafaje?" Tembo akauliza.

"Mguse, baba. Wa baridi. Tumbo tupu. Tulimpa dawa, mbegu zetu zote, lakini hazikukaa tumboni."

Ngiri akaanza kucheka. Kisha akazikumbuka mbegu zake, akalia, na alilia kweli. Tembo akalia. Nungunungu akalia kwa kwikwi. Walikuwa na mengi ya kulilia, walikosa mahali tu. Mzaha ukageuka msiba. Mkeka wa wafiwa ukatandikwa, akaitwa Kobe, asimamiaye maziko yote ya nyika.

Fisi akaja wa mwisho, kafura kwa hasira. "Upuuzi gani huu?"

Bi Kuchakulo akamsogelea, akamnong'oneza. "Pole, mzee wangu. Nakutahadharisha tu, maana wewe ni mkubwa wangu. Marehemu kaacha nyumba hii, na vile vikapu vyake vilivyo kwako. Nyati anasema kama hana mrithi, mali yote ni ya baraza."

Hasira ya Fisi ikamtoka. "Mrithi?"

"Ndiyo. Mwana wa marehemu hukaa mkekani, akanyolewa. Nami naona mkeka uko mtup..."

Hakumaliza. Fisi alijitupa mkekani, pwaa!

"Baba! Baba yangu! Aliyenilisha! Aliyeninenepesha!"

Na hapo, kwa mara moja maishani, hakusema uongo.

"Wewe ni mwanawe?" Kobe akauliza.

"Mwanawe wa pekee!"

"Vyake ni vyako?"

"Vyake vyote ni vyangu!"

Kobe akatoa wembe, akamnyoa manyoya ya shingoni hadi mgongoni, mbele ya wanyama wote. Fisi akainama vizuri ili anyolewe upesi. Kisha Kobe akasimama, polepole kama ada yake, akasema maneno yasemwayo kwenye kila msiba kabla ya kuzika.

"Ndugu zangu, marehemu alichanganyika na watu. Kama yupo anayemdai, aseme sasa. Mrithi yupo, atalipa. Atakayetangulia kusema atatangulia kulipwa, na mrithi hainuki mkekani mpaka madeni yaishe."

Fisi akainua kichwa.

"Namdai mimi," Bi Kuchakulo akasema. "Kibuyu kimoja cha mbegu."

"Namdai mimi!" Ngiri akasema.

"Namdai mimi!" Tembo akasema.

"Na mimi! Na mimi! Na mimi!"

"Ngojeni!" Fisi akapiga kelele. "Mimi si mwanawe! Mimi ni mimi, na Ghala ni Ghala!"

"Umeshanyolewa," Kobe akasema.

Hata Nyumbu hakupata sheria ya kumtetea. Sheria walizoea kuijadili. Msiba hawakuwahi kuujadili. Wakaenda pangoni wote pamoja, na jambo lililolishinda baraza siku tatu likaisha kabla umande haujakauka.

Laiti ngano ingeishia hapo, nami ningewaaga nikicheka. Lakini pangoni hawakukuta vikapu arobaini. Walikuta viwili. Vingine vilikuwa vimeshaingia tumboni mwa Fisi na mashemeji zake, na tumbo halirudishi. Bi Kuchakulo, aliyetangulia kusema, akapata kibuyu chake kimejaa. Ngiri akapata, Tembo akapata robo. Nungunungu alikuwa amewapisha wakubwa zake, akasema wa mwisho. Akapewa makapi, konzi mbili.

Je, Bi Kuchakulo alijua kwamba hazitatosha? Alijua. Alizisikia zikitafunwa. Alipokuwa akipiga kile kilio alishajua kwamba wa kwanza atapata na wa mwisho atakosa, na bado akapiga, kwa kuwa alikuwa na watoto watatu.

"Hongera, jirani," Nungunungu akamwambia, bila kinyongo.

Hilo ndilo lililomchoma. Hakuweza kumtazama usoni. Alikikumbatia kibuyu chake akakimbia, maana mvua ilikuwa imeanza, ta! ta! ta!

Akapanda. Mtama ukaota, ukarefuka, ukatoa masuke. Watoto wake wote watatu wakabaki hai.

Na Fisi? Baraza lilijenga ghala jipya, likatafuta mkuu. Sharti lilikuwa moja: awe amewahi kusimamia ghala kubwa. Aliyewahi alikuwa mmoja tu, na manyoya yake yalikuwa yameshaota. Akaomba kifuta jasho cha kuanzia kazi, akapewa. Kisha akaomba kodi. Ndiyo, Fisi aliomba kodi! Na baraza lile lile, bila kamati, likaipitisha asubuhi moja: kodi ya kilio. Mwenye kufiwa asipaze sauti mpaka alipe kwanza kibaba kimoja cha mtama. Asiye nacho azike kimya.

"Vilio vimezidi," Fisi akaeleza. "Vinawatia watu hofu."

Nyumbu akaunga mkono. Nyati akapiga kwato, pu! Ikawa sheria.

Kiangazi kikaja. Bi Kuchakulo alikuwa anakata masuke ya kwanza aliposikia jembe upande wa jirani. Kwachu. Kwachu. Kwachu. Hakusikia kitu kingine. Akatoka, akatazama. Nungunungu alikuwa anachimba kaburi, na kaburi lenyewe lilikuwa fupi. Mkewe alikuwa ameketi kando, kajiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanamtetemeka.

Bi Kuchakulo hakuuliza ni mtoto yupi. Akarudi shimoni. Akapura mtama mpya, akapepeta, akapima kibaba kimoja, huku watoto wake wakimtazama kwa macho ya njaa, kwa kuwa hawakuwa wameuonja bado. Akakibeba mpaka kwa askari wa baraza, akamwaga mtama miguuni pake. Kisha akarudi mbio hadi kaburini, pumzi zikimwishia, akapiga magoti kati ya wafiwa wale wawili.

"Lieni sasa, jirani zangu," akasema. "Nimewalipia."

Ngano yangu imefunga mlango wake, nami nimetoka.

(Umetuacha na nani?)

Nimewaacha na wenye funguo. Iliyowafaa ichukueni, isiyowafaa iacheni hapo hapo, nitaifagia kesho.

Funzo? Najua mlikuwa mnalingoja. Watoto wema, waheshimuni wakuu wa maghala, maana ujuzi wao haupatikani kwingine. Msiichukie kodi, kwa kuwa daima humwangukia anayestahili. Na mkifiwa, msipige kelele. Kuna watu wanakula.