Amri ya Vitovu

Palikuwa na Sultani mmoja, Barhani jina lake, ambaye mji wake ulifurika watu hata punda wake akawa anakwama sokoni. Nchi nzima ilikuwa na tabibu mmoja, kadhi mmoja na kisima kimoja kisichokauka, na vyote kaviweka mlangoni pake. Halafu anashangaa watu wanafuata nini mjini! Jamani!

Akakaa na mawaziri siku saba, wakala mbuzi saba, wakatoka na amri moja. Yeyote ambaye kitovu chake hakikuzikwa ndani ya mji, Ijumaa isimkute. Arudi kilikozikwa.

Askari wakamwangukia Mize, mjane mkandikaji wa kuta, mwenye watoto watatu na kibanda alichokisimamisha kwa mikono yake. Wakamwambia kesho kinabomolewa. Mize hakulia. Alikwenda moja kwa moja barazani kwa Sultani, udongo bado mbichi viganjani.

"Kitovu chako kimezikwa wapi?" Sultani akanguruma.

"Shamba, Bwana. Ng'ambo ya mto."

"Na huku umefuata nini?"

"Nimefuata mtama wangu. Kila mavuno watu wako wanauchukua wanauleta huku. Wenyewe ukifika langoni hauulizwi kitovu."

Baraza likaguna.

"Una ulimi, wewe mwanamke!"

"Ndio nilioachiwa, Bwana. Kibanda mnabomoa."

"Amri ni amri! Haina mkubwa wala mdogo."

"Hata mkubwa?"

"Hata mimi!" Sultani akajipiga kifua. "Mimi Barhani, kifungua mimba wa mama yangu, sisemi neno mara mbili!" Majigambo hayo mji mzima uliyajua kwa moyo, maana hakuna siku aliyoyasahau.

Mize akainamisha kichwa kwa adabu. "Kifungua mimba, Bwana? Basi mama yako naye, kama mama zetu sote, mimba ya kwanza alirudi kwao kujifungua?"

"Sasa angefanya nini? Hiyo si ndiyo desturi! Mama yangu alikuwa mtu wa heshima zake."

"Na kwao ni wapi, Bwana?"

"Kwao Mpingani, ng'ambo ya..."

Waziri mmoja akakohoa. Sultani akajishika kitovu.

"Kumbe sisi majirani!" Mize akasema, akijipangusa udongo. "Leo Alhamisi, Bwana. Tufuatane, au nitangulie nikakufagilie?"