Waya wa Eliamani

"Ukimfunga mzuiaji, usimlaumu mkimbiaji." Mmemsikia baba yenu akimwambia jirani maneno hayo, naye jirani akainamisha kichwa, basi mmekuja mbio kuniuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali, wajukuu zangu. Yametoka hapo chini, kwenye uwanja wa mpira, na mpaka leo nikiyakumbuka damu inanichemka. Sogeeni. Asili yake ni hii.

Mwaka mmoja tangawizi ilikubali sana huku milimani, kijiji kikanunua mashine ya kukatia nyasi za uwanja, ile ya kusukuma kwa mikono, yenye injini ndogo mgongoni. Akapewa Namsifu aitunze. Namsifu, tuliyemwita Mama Anaeli, alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa, na ujira wake ulikuwa nyasi zenyewe: zote alizokata zilikwenda zizini kwake. Ng'ombe akishiba, nyumba imeshiba.

Fundi aliyeileta mashine alimwonyesha mkono mdogo wa bati ubavuni mwa injini, umeshikwa na springi na kifimbo chembamba cha chuma.

"Huyu ni mzuiaji," alimwambia. "Nyasi zikiwa nzito, springi inavuta, injini inapata mafuta zaidi. Zikiwa nyepesi, yeye anairudisha nyuma, isije ikakimbia ikajiua. Mwache afanye kazi yake."

Namsifu akayashika maneno hayo. Akawa anaisikiliza mashine kama mama anavyosikiliza kilio cha mwanawe, akajua hiki ni cha njaa na hiki ni cha usingizi.

Masika yakapita, nyasi zikafika magotini, na watu wa bondeni walikuwa wanakuja kucheza mpira. Pembe ya msaragambo ikapigwa. Msaragambo mnaujua, ni kazi ya wote, hakuna wa kubaki nyumbani. Wengine wakachimba mtaro, wengine wakasimamisha magoli, na Namsifu akawasha mashine. Ilipoingia kwenye nyasi nene ikakohoa, ikazimika. Akaiwasha tena, ikazimika tena.

Akainama, akakisukuma kile kifimbo kwa kidole. Kigumu! Utomvu wa nyasi na vumbi vilikuwa vimekigandisha. Springi inavuta, chenyewe hakisogei, injini inaomba mafuta na haipewi. Akaomba kitambaa na mafuta ya taa, akaanza kukisugua taratibu.

Akaja Eliamani, msimamizi wa msaragambo, plaizi mkononi.

"Mama Anaeli, unaisugua kama sufuria? Watu wanakusubiri!"

"Kidogo tu, baba. Kifimbo kimeganda. Kikilegea itavuta yenyewe."

"Itavuta yenyewe! Mashine haibembelezwi, mama. Si mwali huyu."

Watu wakacheka. Eliamani akafungua waya uliokuwa umefunga mzigo wa fito, akauvuta ule mkono wa bati mpaka mwisho, mafuta yakaachiwa yote, akaukaza kwa plaizi usirudi tena. Akavuta kamba. Injini ikanguruma hata kuku wa jirani wakaruka ua. Wanaume wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele.

"Baba, umemfunga mzuiaji," Namsifu alisema.

"Nimeiponya. Shika mpini, ukate. Au unataka nikatangaze kwamba umekataa msaragambo?"

Kukataa msaragambo ni aibu inayofuata mtu mpaka kaburini. Namsifu akashika mpini.

Kwenye nyasi nene mashine ilikwenda vizuri, Eliamani akatembea kifua mbele. Lakini ilipofika golini, pale ambapo watoto wamekanyaga mpaka pakabaki udongo mtupu, hapakuwa na kitu cha kukata wala cha kuizuia. Ikapiga yowe. Namsifu akanyoosha mkono aizime. Kabla hajaifikia, chuma kikalia ndani, ubavu wa injini ukapasuka, mafuta meusi yakamwagika miguuni pake.

Sasa, zamani tulikuwa na mila moja, na Mungu anisamehe, ilikuwa mila mbovu. Chombo cha wote kikifia mkononi mwako, wewe ndiye mwuaji. Unawapikia watu wote makande, na chombo hicho hukishiki tena. Na wa kwanza kufungua kinywa alikuwa nani? Yeye! Eliamani!

"Nilijua," akasema. "Chuma na akina mama wapi na wapi. Kesho utatupikia makande, Mama Anaeli, na mpini tutampa mwingine."

Waliopiga vigelegele wakatazama chini. Namsifu akamfikiria ng'ombe wake, akawatazama mmoja mmoja, na chozi lililokuwa linakuja likageuka kuwa kitu kingine.

"Njooni mtazame," akasema, akipiga magoti kando ya mashine. "Waya huu nani aliuona ukifungwa?"

Wanaume wakajifanya wanakagua magoli.

"Wote mliuona! Mlishangilia! Leo macho yenu yameingia nini?"

"Mila ni mila," Eliamani akasema. "Mpini ulikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwangu. Na mzuiaji alikuwa mkononi mwa nani? Injini ilikuwa na mtu wa kuishika kiunoni, ukamfunga mikono kama mwizi. Imekimbia mpaka imekufa, ndipo unaninyooshea mimi kidole! Ukimfunga mzuiaji, baba, usimlaumu mkimbiaji!"

Eliamani akachutama haraka na plaizi yake, akitaka kuukata waya.

"Uache!" Namsifu akasema. "Uache hapo hapo, na wa nyuma wauone."

Ndipo Bibi Nakundwa, aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale, akajikongoja mbele, akautazama waya, akamtazama Eliamani.

"Mwanangu," akasema, "makande yanataka kuni kavu. Anza kuzitafuta mapema."

Mtu akaangua kicheko, kisha wote. Eliamani hakupata pa kujificha.

Nyasi zilizobaki zilikatwa kwa mundu, na aliyezibeba kichwani kuzipeleka kwa ng'ombe wa Namsifu ni Eliamani. Kesho yake akapika. Makande yaliungua chini, maharage yakawa mabichi, na tuliyala yote bila kumsifu. Ile mila nayo ikafia uwanjani pale. Injini ilipotengenezwa, mpini ulirudi kwa Namsifu, na hakuna aliyemharakisha tena akisugua kifimbo chake.

Sasa mtazameni jirani. Kila mkewe alipomkanya kijana wao, yeye alimnyamazisha mkewe: "Mwache mtoto!" Leo kijana kavunja duka la watu, ndipo baba mtu anakuja kwetu kulalamika kwamba mtoto ni mkorofi. Mlitaka baba yenu amwambie nini?

Ukimfunga mzuiaji, usimlaumu mkimbiaji.