Mlango wa Mzee Elkana

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa mlango.

— Mlango wa nani?

Wa mzee Elkana.

— Uko wazi au umefungwa?

Sogeeni mjionee. Na wewe wa nyuma, acha kupiga miayo, maana hadithi hii yenyewe inaanza na miayo.

Hapo kale, lakini si kale sana, palikuwa na kijiji cha Wayahudi kule milimani kwenye baridi, wanakolima viazi na kabichi. Kijiji kidogo, ukipiga chafya huku unapewa pole kule. Humo aliishi mzee Elkana, msomaji wa Pasaka. Kila mwaka vijana wote walikusanywa mezani kwake wale mkate usiotiwa chachu, watafune mboga chungu, wasomewe jinsi babu zao walivyotoka utumwani Misri.

Karamu hiyo huitwa seder, maana yake mpangilio. Na mzee Elkana alivyoupenda mpangilio! Kikombe hiki kabla ya kile, sala hii kabla ya ile. Aliegemea mto wake mwekundu, upande wa kushoto, kama mtu huru anavyoegemea. Mto huo ulilala sandukuni mwaka mzima ukingoja Pasaka tu. Basi akaegemea, akafungua kitabu cha Pasaka, akasoma. Akasoma. Akasoma. Na vijana wakasinzia, hata mmoja akaangusha uso kwenye sahani ya mboga chungu, akaamka macho yakimwasha.

Mzee ilimuuma sana. Kwa desturi yao, mdogo kuliko wote lazima aulize, "Usiku huu una tofauti gani na usiku mwingine wote?" Asipouliza mtu, hakuna wa kujibiwa, na Pasaka imekufa. Elkana aliogopa kufa nayo mikononi. Akaomba, "Mungu wa baba zetu, nipe kijana mmoja tu anayeuliza kwa moyo."

Akapewa. Tena alikuwa naye humo humo nyumbani.

Alikuwa mjukuu wake, Zipora, mdogo kuliko vijana wote mezani. Mama yake Zipora, Adina, alikuwa binti wa mzee mwenyewe. Adina alifiwa na mume, akaolewa tena na mkulima mwema asiye Myahudi, na mzee akamwambia, "Mtoto ni wetu. Wewe nenda, na mlango huu usiuguse." Adina akaenda kukaa ng'ambo ya bonde, ambako ukisimama uani unaona moshi wa jiko lake. Karibu hivyo, jamani! Na mtoto akalelewa akitazama moshi.

Haya. Mwaka wa kwanza mzee akabuni jambo la kuwaamsha vijana. Akashona vyura wa vitambaa, akasoma mapigo ya Misri huku akiwarushia vyura vichwani. Wakacheka, wakarushiana, mzee akafurahi.

Ikafika zamu ya kipande. Mnakijua kipande? Mkate huvunjwa, nusu hufungwa kwenye kitambaa cheupe, na kijana mmoja hukificha. Bila kipande hicho karamu haimaliziki. Mzee akishindwa kukiona, lazima amwombe aliyeficha, na ampe chochote anachotaka. Akikiona mwenyewe, aliyeficha hapati kitu.

Zipora akakificha. Mzee akainuka kutafuta, akamuuliza kwa utani, "Nikishindwa utataka nini, mjukuu wangu? Viatu?"

"Nataka kuuliza, Babu. Mbona usiku huu tunamfungulia mlango nabii Eliya ambaye hajawahi kuja, na mama anayetaka kuja umemfungia?"

Vyura wakaacha kuruka. Mzee akasema, "Hilo halimo kwenye mpangilio." Akasogeza mtungi wa maji, akakiona kipande nyuma yake. Ameshinda.

Mwaka wa pili akaja na jingine. Akawatwisha vijana mabunda mgongoni, wakaizunguka nyumba wakiimba, eti wanatoka Misri. Wakatoka jasho, wakapenda. Zipora akakificha kipande.

"Utataka nini mwaka huu?"

"Lile lile, Babu. Mbona Eliya afunguliwe, mama afungiwe?"

"Halimo kwenye mpangilio." Akapekua bunda la Zipora, akakitoa. Ameshinda tena.

Niambieni nyinyi: mtu ameomba apewe kijana anayeuliza, amepewa, anamnyamazisha. Huyo mtamsaidiaje?

— Tumwache!

Subirini kwanza.

Mwaka wa tatu mzee akawaachia vijana waigize. Mmoja akawa Farao, akavaa sufuria kichwani. Musa akamwambia, "Waache watu wangu watoke!" Farao akasema, "Siwaachi!" na kila akisema hivyo nyumba ilipasuka kwa kicheko. Zipora hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na mitano, akamtazama babu yake muda mrefu. Kisha akakificha kipande.

Mzee akatafuta nyuma ya mtungi. Hakipo. Kwenye mabunda. Hakipo. Chini ya sufuria ya Farao. Hakipo! Akarudi kuketi, jasho jembamba likimtoka.

"Niombe basi, Babu," Zipora akasema. "Niombe, nikupe. Sitaki viatu. Nataka mama aketi hapa, hata mwishoni mwa meza."

Kweli, mzee aliguswa. Alitaka kusema ndiyo, neno likamfika kooni. Lakini vijana wote walikuwa wanatazama, na yeye ni Elkana. Akachukua mkate mwingine mezani, akauvunja pa!

"Kipande kikipotea, kingine kinatosha. Kitabu kinaruhusu."

Akala. Ameshinda mara ya tatu.

Wakashukuru kwa chakula, wakajaza kikombe cha Eliya, divai anayowekewa nabii kila Pasaka. Ni mdogo wao anayefungua mlango. Zipora akaenda, akaufungua wazi, baridi ikaingia.

"Umetusomea habari za kutoka Misri miaka yote, Babu," akasema. "Mimi natoka."

Akashuka bondeni. Mzee akamngoja hadi karamu ikaisha na divai ya Eliya ikarudishwa chupani. Hakurudi.

Mwaka wa nne Elkana alipanga meza kama kawaida. Sahani kwa sahani. Akatoa mto mwekundu sandukuni, akauweka kushoto. Akangoja vijana.

Hakuja hata mmoja. Walikuwa ng'ambo ya bonde, kwa Adina, na kicheko chao kilipanda mpaka kwake.

Je, sheria inasemaje mtu akiwa peke yake usiku wa Pasaka? Inasema ajiulize mwenyewe. Ndiyo! Imeandikwa kabisa. Basi mzee akajikohoza, akasema kwa sauti, "Usiku huu una tofauti gani na usiku mwingine wote?"

Jibu alilijua kwa moyo miaka hamsini. Alipofungua kinywa, alilia.

Akauegemea mto ili apumzike. Mto ukalia kra!

Akaingiza mkono ndani ya foronya. Akatoa kitambaa cheupe. Ndani yake kipande, kimevunjikavunjika, maana mwaka jana alikiegemea karamu nzima huku akikitafuta nyumba nzima.

Na kwa mpangilio, nani asiyejua? Mzee akikiona mwenyewe, aliyeficha hapati kitu. Ameshinda mara ya nne.

Akala vipande vile vya mwaka mzima, chembe kwa chembe. Akajaza kikombe cha Eliya. Hakukuwa na mdogo wa kufungua, akafungua mwenyewe. Ng'ambo taa ilikuwa inawaka, na sauti ya Zipora ilikuwa inauliza, na watu walikuwa wanamjibu. Palikuwa karibu, jamani. Hata kwa miguu ya mzee ni mwendo wa kuchemsha chai.

Akainua mguu, akaufikisha kizingitini. Kitabu kinasema mlango ufunguliwe. Hakisemi msomaji atoke.

Akarudisha mguu. Akafunga mlango. Akairudisha divai ya Eliya kwenye chupa, akaketi mahali pake, akaendelea kusoma jinsi babu zake walivyotoka.

Hadithi yangu imeishia kizingitini. Aliye nje aipokee, aliye ndani atajijua mwenyewe.