Wewe Ulikuwa Chumba Kipi?

Mfikirieni mwenye nyumba mmoja, ndugu zangu. Alikuwa na nyumba ndefu ya vyumba vya kupangisha, na hakuwahi kumwona mpangaji hata mmoja. Kazi yote alimwachia wakala. Wakala apangishe, wakala akusanye kodi, wakala asikilize malalamiko.

Siku moja nyumba ikaungua. Watu walitoka salama, vyombo vikateketea. Nyumba ilikuwa na bima, na kampuni ya bima ikamwambia: leta mikataba ya wapangaji, tujue kama kweli ilikuwa inakaliwa. Bila mikataba hakuna fidia, na bila fidia hajengi tena.

Akaenda mbio kwa wakala.

"Nipe faili la wapangaji wangu."

"Nyumba ni yako, mzee. Lakini humu mna picha za watu na vitambulisho vyao. Mpaka wenyewe waridhie."

"Niwaombe ruhusa wapangaji wangu mwenyewe?"

"Basi nitajie jina la mmoja tu, nikukabidhi faili zima sasa hivi."

Mwenye nyumba hakulijua hata moja.

Akaelekezwa shuleni, wapangaji walikohifadhiwa darasani kwa kuwa ilikuwa likizo. Njia nzima alipanga maneno. Wakikataa je? Wakinitukana je? Wakidai niwalipe vitanda vyao kwanza?

Alipofika mlangoni, mama mmoja aliyekuwa akikoroga uji kwenye sufuria ya kuazima aliinua macho.

"Karibu, baba. Pole sana. Wewe ulikuwa chumba kipi?"

Mnasikia, ndugu zangu? Walidhani ni mwenzao!

"Msimuulize," akasema mzee mmoja kutoka kwenye mkeka, "bado ana mshtuko huyo. Mpeni kwanza anywe." Mama akammiminia uji. Doti moja ya kanga ndiyo iliyosalia katika mali yake yote. Akaipasua katikati, kipande kimoja akamwekea mabegani.

Basi akanywa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi ndiye mwenye nyumba. Nimekuja kuomba ruhusa ya karatasi zenu, nilipwe bima."

Mama akaweka mwiko chini.

"Kumbe! Basi pole zaidi, baba. Sisi tumeunguliwa vyumba, wewe umeunguliwa nyumba nzima. Mwambie wakala alete hizo karatasi, tutatia dole gumba. Lete kikombe nikuongeze."

Ndugu zangu, mimi nikifika hapa hujiuliza: Huruma ya namna hii inatoka wapi? Nani aliipanda katika kifua cha mtu asiye na hata kijiko chake mwenyewe?

Mtaniuliza: alipolipwa, alijenga? Aliwarudisha vyumbani mwao, au aliwatafuta wapangaji wa kodi kubwa zaidi? Siwaambii. Hapo pananishinda, maana kilichobaki si cha mtu yule tena. Ni chetu. Sisi ndio tulioingia kwa Mungu na karatasi zetu mkononi, tukitafuta haki zetu, tusijue jina la jirani. Naye hakutufukuza. Alituita wenzake, akatufunika, akatumiminia.

Uji tumekwisha kuunywa, ndugu zangu. Sasa tunatoka pale mlangoni. Tunaelekea wapi?