Chumba cha Mlangoni

“Hama!” alifoka Bwana Shekue, mwenye nyumba. “Nyumba naifungulia wageni; mgeni wa wiki moja atanilipa zaidi ya kodi yako ya miezi mitatu.”

“Hongera,” alisema Mwanahawa, mpangaji wa chumba cha mlangoni. “Na mashuka yake utafua mwenyewe?”

“Natafuta msimamizi. Wageni na wapangaji wote watakuwa juu yake. Chumba hiki atakaa yeye, bure, awapokee watu mlangoni. Akifika tu, wewe toka.”

“Nitatoka, bwana mkubwa. Tena nitampokea kwa kahawa.”

Bwana Shekue akabandika tangazo sokoni, akangoja ghorofani. Wiki ikapita, asipande hata mtu mmoja. Wageni wa kwanza walipoteremsha mabegi, akamkimbilia Mwanahawa na funguo zote.

“Niokoe, mwanangu! Kuwa msimamizi wewe.”

“Mimi, mtu wa kufukuzwa?” Akazipokea polepole.

Mwisho wa mwezi Bwana Shekue akaja kudai kodi, akausukuma mlango kama kawaida yake. Mwanahawa akauzuia kwa mguu.

“Piga hodi, bwana mkubwa, humu anakaa msimamizi, bure. Na wale wote waliokuja kuomba kazi wanakusalimu. Kahawa yangu waliimaliza, ila sifa zako ziliwashinda kumeza.”