Fundi Aliyepanga Foleni

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma katika nchi isiyokuwa yake. Aliingia humo akiwa kijana, akavuka mto kwa miguu wakati wa kiangazi, akiikimbia vita ya kwao. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa Ntakarutimana. Alipovuka alijiita Rusimbi, kwa kuwa akina Rusimbi walikuwa wengi upande ule na mmoja zaidi hakuonekana. Lugha za pande mbili za mto ule ni ndugu, na kijana ana sikio jepesi. Baada ya miaka mitano hakuna aliyemtambua. Baada ya miaka thelathini hata yeye alikuwa amesahau, au tuseme alikuwa amejizoeza kusahau, maana mambo hayo mawili hayafanani.

Alikuwa seremala, tena mtu mwema. Nalisema hilo mapema msije mkamdhania vibaya. Maskini akifiwa, jeneza lilitoka kwake bila kuulizwa habari ya malipo. Alioa binti wa palepale, jina lake Skolastika, na wakwe walipomwuliza ukoo wake alijibu kwamba wazee wake walifia mbali, nao kwa adabu hawakuendelea. Lakini mke si mkwe. Skolastika alijua tangu mwaka wa pili wa ndoa, siku nyundo ilipomponda mumewe kidole naye akamlilia mama yake kwa lafudhi ya kwao, ng'ambo ya mto. Alifunga kile kidole kwa kitambaa, akangoja aambiwe.

Ikawa serikali ya nchi ile ikatoa tangazo. Kila aliyevuka mto, kwa njia yoyote na mwaka wowote, aje aandikishe ukweli wake katika muda wa miezi mitatu. Hataulizwa kwa nini alijificha. Atapewa kibali cha ukaazi, na baadaye uraia, yeye na nyumba yake. Atakayenyamaza hadi muda uishe atarudishwa alikotoka, aombe akiwa huko. Na kwa kuwa watu wengi hawakujua kusoma, akatumwa wakili, Mama Renalda, akae sokoni kila Jumatano awajazie fomu bure na kuwasemea mbele ya maofisa.

Wakili alihitaji meza. Rusimbi akamtengenezea meza na benchi, akazibeba mwenyewe hadi sokoni. Kisha akabaki pale kupanga foleni, maana watu walisukumana. Jumatano zote alikuwepo. Walioona aibu kusimama mbele za watu na kuitwa wageni aliwafuata majumbani mwao, akawashika mkono kama mtu anayemwongoza kipofu. Aliwaambia wasifiche kitu, waseme hata walivyopita porini, maana wakili hawezi kumtetea mtu kwa habari asizopewa. Maneno yake yalikuwa kweli tupu. Watu wakamshukuru, wakasema, huyu mwenyeji ana moyo. Neno hilo, mwenyeji, alikwenda nalo nyumbani kila jioni akiwa na furaha.

Skolastika alichukua fomu moja sokoni akaitia katika mfuko wa koti la mumewe. Aliiweka mahali ambapo mkono wake ungeigusa. Rusimbi aliigusa akiwa katikati ya foleni. Akajua ni nani aliyeitia, akaogopa kujua zaidi. Wakati uleule mama mmoja alikuwa analia, mtoto wake amemwaga uji juu ya fomu yake na karatasi zimekwisha. Rusimbi akaitoa ile ya mfukoni akampa. Alirudi nyumbani amejiona ametenda huruma, na kweli ilikuwa huruma. Ndiyo maana habari hii inaniuma.

Jumatano ya mwisho foleni ilikwisha mapema. Mama Renalda alikuwa amezisikia sauti nyingi za ng'ambo katika miezi ile, na sikio lake lilikuwa limenolewa. Alimtazama fundi, akavuta karatasi moja safi, akamwuliza kama na yeye amwandike. Wale waliokwisha kuandikwa wakageuka wote kusikiliza.

Rusimbi akacheka. "Mimi ni mwenyeji, Mama. Andika wageni."

Wakili akairudisha ile karatasi safi mahali pake. Kisha akafunga sanduku lake, maana wakili haandiki asichoambiwa.

Mwezi uliofuata maofisa walikuja kuandikisha wenyeji. Desturi ya nchi ile ni kwamba mtu huthibitisha uwenyeji wake kwa kaburi. Anasimama penye kaburi la baba yake au la babu yake, na wazee wawili wanashuhudia. Rusimbi hakuwa na kaburi. Jirani yake Kibwigwa, aliyempenda, alimwambia asihangaike, achukue tu la babu yake Kibwigwa, kwani marehemu hatalalamika. Basi asubuhi ile wakasimama penye kaburi la watu. Ofisa akauliza aliyelala pale ni nani wake. Rusimbi akafumbua kinywa, na kinywa kikakataa. Baba yake mwenyewe alianguka njiani wakati wa vita, wakamwacha bila kaburi, na ulimi wake haukukubali kumwita mfu mwingine mzee wake. Hapo ndipo alipolia, akalitaja jina alilopewa na mama yake. Alisema yote, hata pale alipovukia mto. Alisema vizuri kuliko wote aliowapanga kwenye foleni, isipokuwa alikuwa amechelewa mwezi mmoja.

Mama Renalda aliitwa akaja mbio. Alisoma tangazo mara mbili kana kwamba herufi zingemwonea huruma. Kisha akasema sheria imefunga, atamwandikia ombi, lakini ni lazima fundi aombe akiwa upande wa pili, na huko watu hungoja miaka mingi. Yeye naye alilia. Walikuwa wamekaa sokoni, na mbele yake ilikuwa ile meza ya fundi, imara, haina hata mguu mmoja unaocheza.

Siku ya kuondoka, watu walimsindikiza hadi mtoni. Karibu wote walikuwa ni wale wa foleni, na kila mmoja alikuwa na kibali chake mfukoni. Walimbebea sanduku la vifaa. Yule mama wa uji alikuwepo na mtoto wake, na hakuweza kuinua uso. Rusimbi alimgeukia mkewe, akajikaza ili amweleze alichomficha miaka yote ile, kwamba hakutaka mkewe adharauliwe na ndugu zake, kwamba aliona haya. Skolastika akakishika kile kidole chenye kovu.

"Nilijua tangu siku ya nyundo, baba. Nilikuwa nangoja uniambie."

Rusimbi akavuka. Maji yalikuwa yamepanda, akavuka kwa shida. Wanasema huko kwao hakuna tena anayemtambua, na wanamcheka lafudhi. Skolastika hushuka mtoni siku za soko, na Mama Renalda bado anaandika barua kila mwezi kumwombea. Sijui mwisho wake.

Ndugu zangu, mnaosimama mlangoni mkiwapanga wenzenu waingie, nawauliza, nikianza na mimi mwenyewe ninayesimama mbele yenu kuhubiri kila wiki: tunamficha nani asiyejua?