Mikono ya Wavuvi Katika Meli ya Vita

Wapendwa, ninyi mnaojipepea kwa vitabu vya nyimbo, acheni kidogo mnisikilize, maana habari hii hata mimi nikiifikiria mwili hunisisimka.

Kulikuwa na nahodha mmoja wa meli ya uvuvi. Vita ikaja, serikali ikaichukua meli yake. Wakafuta jina, wakaipaka rangi ya kijivu, wakasimika mzinga pale mbele. Mabaharia walibaki wale wale wavuvi, ila sasa wamevaa sare na wanapiga saluti. Ungewaona ungesema hawa wamezaliwa jeshini.

Kazi yao ilikuwa kusafisha njia ya meli, maana adui alikuwa ametega mabomu chini ya maji. Waburute nyuma yao waya mrefu wa chuma unaovutwa kwa winchi, ile ile mashine yao ya kuvutia nyavu, uyakate mabomu kwenye minyororo yake, yaelee, yapigwe risasi kwa mbali. Ofisa akawaonya: "Winchi ikilemewa, jueni waya umenasa bomu. Msiuvute! Uachieni wote uzame."

"Ndiyo, afande!" wakaitika kwa sauti moja.

Lakini ndugu zangu, kule kwao mvuvi haachii wavu. Wavu ukiwa mzito ndiyo furaha yenyewe. Chombo kikirudi kimekata wavu, akina mama wachuuzi wa samaki hukipokea ufukweni na beseni wamezifudikiza chini, na aibu hiyo mtu huzeeka nayo.

Basi wakaingia baharini. Kila wimbi jeusi wanadhani ndilo bomu. Mara winchi ikaguna, imelemewa. Na yule mtu wa winchi, mvuvi tangu utoto wake, mnadhani alifanya nini? Alivuta!

"Achia!" nahodha akapiga kelele. "Achia, we mtu, utatuua!"

"Tumepata, nahodha!" akajibu, uso unang'aa. "Huu ni mzigo kweli kweli!"

Mzigo ukapanda. Dude jeusi la duara, limeota pembe mwili mzima, linaning'inia ubavuni mwa meli. Pembe moja ikigusa tu, wamekwisha wote. Mungu wangu! Wanaume wenye ndevu zao wakaanza kuwaita mama zao. Nahodha akamrukia yule mtu, akambandua vidole kimoja kimoja kwenye mpini wa winchi, akaachia waya. Bomu likazama. Halafu wakasikia kitu kinakwaruza chini ya miguu yao, polepole, kutoka mbele ya meli hadi nyuma. Kisha kikapita; kumbe ulikuwa mnyororo wake tu.

Mtu wa winchi akaketi chini, machozi yanamtoka. Nahodha akamuuliza, "Lakini umeona ulichotaka kutuletea?"

"Nimeona, nahodha. Ila jamani, ulikuwa mzito! Uzito ule hatujaupata mwaka mzima."

Mnacheka? Haya, chekeni. Mimi naogopa, kwa sababu mtu yule namjua, yumo humu ndani. Sisi tulibatizwa, tukapewa majina mapya, na Jumapili tunapendeza kweli. Mikono je, ilibadilika lini? Dada yangu, kile kinyongo na wifi yako, si kadiri kinavyozidi uzito ndivyo unavyozidi kukivuta? Na wewe kaka, yule mke wa mtu ambaye siku hizi anakujibu upesi, si unasema moyoni, "Nimepata"? Tumeonywa mara ngapi? Na amina tunaitika!

Bwana ameshakushika vidole, anakubandua, na wewe unamnyang'anya mkono. Tena humo chomboni si wewe peke yako. Yumo mkeo, wamo watoto wako, wamelala, hawajavuta chochote. Likilipuka, ndugu yangu, halitauliza ni nani aliyekuwa kwenye winchi.